Menyu ya maneno au ya picha: shajara ya kuijenga upya tovuti ya SACCOS ya walimu

Jumatatu: hali ilivyo

Nimeanza rasmi kuijenga upya tovuti ya SACCOS ya walimu hapa Morogoro. Wanachama ni walimu wa msingi na sekondari walio kazini, pamoja na wastaafu ambao bado wanaweka akiba. Wanaingia kwenye tovuti kutafuta mambo machache tu: masharti ya mkopo, fomu, tarehe ya mkutano mkuu, namba ya simu ya ofisi. Bodi imenipa uhuru katika mengi, lakini kuna jambo moja wamegawanyika, nalo ni menyu. Mwenyekiti anataka vitufe vya picha viendelee, ila vichorwe upya vivutie. Katibu anataka maneno. Nitaandika humu kila ninachokiona, ili uamuzi ukifika mezani kwao ufike na sababu zake.

Menyu ya sasa ina vitufe tisa vilivyosimama upande wa kushoto. Kila kitufe ni picha ya GIF, na neno lenyewe limechorwa ndani ya picha likiwa na kivuli na ukingo wa mviringo. Kila kitufe kina nakala mbili, moja ya kawaida na nyingine inayong'aa kipanya kikipita juu yake. Kwa hiyo kivinjari kinapakua picha 18 kwa ajili ya maneno tisa. Zote pamoja zinakaribia kilobaiti 70. Maneno hayohayo yakiandikwa kama orodha ya viungo, pamoja na CSS (lugha ya kupangilia mwonekano wa ukurasa) ya kuyapamba, hayafiki kilobaiti 2.

Uzito huo mtu wa Wi-Fi hausikii. Mwalimu aliyeko ndani ndani huko Ulanga, ambako mtandao unashuka hadi 2G, anausikia, na kinachomchelewesha zaidi ni wingi wa safari. Kila picha ni ombi lake kwa seva, na kivinjari kinachotumia HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni za kuzungumza na seva, hufungua njia kama sita tu kwa wakati mmoja kwenda kwenye seva moja. Maombi mengine yanasubiri zamu. Mtandao ukiwa mzito, kila zamu inakula muda, na wakati wote huo menyu ni visanduku vitupu. Mwalimu hajui aguse wapi.

Jambo jingine la kuandika kabla sijafunga leo: kitufe cha "Mkopo wa Dharura" kina kijani tofauti na vingine, na herufi zake ni nyembamba zaidi. Nimemuuliza katibu. Mkopo huo ulianzishwa baada ya tovuti kukamilika, faili asili za michoro zilikuwa zimepotea, na aliyeombwa kuongeza kitufe akakadiria rangi kwa macho. "Habari 2009" nacho kimebaki hapo kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukifuta hicho "2009" bila kuchora picha nzima upya. Menyu iliganda, ofisi ikaendelea.

Jumanne: zilikotoka picha hizi

Sitaki kumlaumu aliyezichora. Zimepangwa kwa nidhamu, kila moja ina upana uleule hadi pikseli ya mwisho, na kivuli kinaanguka upande mmoja kote. Ni kazi ya mtu aliyejali. Nimejaribu kufikiria alikuwa na nini mkononi.

Mwaka 1993, Marc Andreessen, mmoja wa waliotengeneza kivinjari cha Mosaic, alipopendekeza alama ya kuweka picha ndani ya ukurasa, kurasa za wavuti zilikuwa maandishi kwa sehemu kubwa. Muda mfupi baadaye kila mtu alitaka ukurasa wake uwe na sura yake. Lakini fonti zilikuwa zile zilizomo tayari kwenye kompyuta ya msomaji. Microsoft ilianza kutoa bure mkusanyiko wa fonti za wavuti mwaka 1996, Verdana na Georgia zikiwemo, na kwa miaka mingi hizo na chache nyingine ndizo pekee ulizoweza kuzitegemea. Ukitaka herufi nyingine yoyote, njia ilikuwa kuichora kwenye picha. Mwaka huohuo wa 1996, kivinjari cha Netscape Navigator 3 kikaruhusu JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya ukurasa, kubadilisha picha moja kwa nyingine, na kitufe kinachowaka kipanya kikipita kikaenea kila mahali. Kitufe cha picha kilikuwa jibu la haki kwa swali la wakati ule.

Swali hilo lilianza kuyeyuka taratibu. Oktoba 2003 mbunifu wa wavuti Douglas Bowman alionyesha jinsi ya kutengeneza vichupo vya menyu vyenye kona za mviringo kwa kuweka picha nyuma ya maandishi halisi, na maandishi yakikua kichupo kinakua nayo. Machi 2004 mbunifu mwenzake, Dave Shea, akaonyesha namna ya kuzikusanya picha zote za menyu kwenye faili moja na kuonyesha kipande kinachohitajika. Hapo kati kulikuwa na mbinu za kuyaficha maandishi nyuma ya picha, baadhi zikiyasukuma maelfu ya pikseli nje ya skrini. Watu walihangaika kweli, na ninaheshimu mahangaiko yao, kwa sababu wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: uzuri wa picha bila kulipoteza neno.

Kisha mwaka 2009 kivinjari cha Firefox 3.5 kikaungana na vivinjari vilivyokubali fonti inayopakuliwa pamoja na ukurasa, na mwaka uliofuata Google ikafungua hifadhi ya fonti za bure. Kona za mviringo, vivuli na rangi zinazofifia vikahamia kwenye CSS. Leo kila kilichomo kwenye vitufe vyetu tisa kinaweza kutengenezwa kwa mistari michache ya CSS, neno likibaki neno. Kama hoja ya mwenyekiti ni uzuri, uzuri hauhitaji tena picha ya maandishi.

Jumatano: kusikiliza menyu

Mmoja wa wanachama ni mwalimu asiyeona. Anatumia NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini) cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, kwenye kompyuta ya shule. Sauti yake ni ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo inasoma Kiswahili. Inasikika kama roboti, lakini silabi zinatoka sawasawa. Amekubali tukae naye tuifungue tovuti ya zamani.

Alibonyeza kitufe cha Tab, kisoma skrini kikasema neno la "kiungo" kikifuatiwa na jina la faili: herufi b, t, n, kisha mstari wa chini, kisha namba. Akabonyeza tena. Jina la faili jingine, namba inayofuata. Hivyo hadi mwisho. Vitufe vyote tisa havina maelezo mbadala, yaani ile sifa ya alt ambayo imekuwapo tangu toleo la 2.0 la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, mwaka 1995 na ambayo HTML 4 iliifanya kuwa ya lazima kwa kila picha.

"Mimi huwa nampigia katibu," aliniambia. "Hapa sijawahi kufika popote."

Kisha nikamfungulia mfano nilioutayarisha: orodha ya kawaida ya viungo ndani ya alama ya nav, inayokiambia kivinjari kuwa hapa ni menyu. Kisoma skrini kikamtangazia kuwa ameingia eneo la menyu, kikamwambia orodha ina viungo vingapi, kikaanza kusoma: Mwanzo, Akiba na Hisa, Mikopo. Alipofika "Fomu" akabonyeza Enter kabla sijasema neno. Akacheka kwa furaha, kisha akauliza kama masharti ya mkopo wa elimu yamo. Hakuwa na haja tena ya kuzungumza nami kuhusu menyu. Alikuwa na shughuli yake.

Mtu anaweza kusema: basi tuweke maelezo mbadala kwenye picha, tatizo limekwisha. Kwa kisoma skrini ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini huyo ni mwanachama mmoja. Mstaafu mwenye macho dhaifu anayekuza ukurasa mara mbili ataona herufi za picha zikivunjika kuwa vijisanduku, wakati maandishi halisi yanabaki makali kwa ukubwa wowote. Anayetafuta neno "mikopo" kwa kitafutio cha kivinjari hatalipata ndani ya picha. Mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, yaani WCAG 2.0 wa Desemba 2008, una kipengele kizima, 1.4.5, kinachosema maandishi yatumike badala ya picha za maandishi, isipokuwa msomaji aweze kuibadilisha picha hiyo apendavyo au sura ile iwe ni ya lazima, kama nembo. Neno "Mikopo" si nembo.

Alhamisi: ikoni mbele ya wenyewe

Pendekezo la mwenyekiti, tukilitazama kwa haki, si lazima liwe picha za maandishi. Anaweza kuridhika na ikoni. Nimetengeneza karatasi yenye ikoni zinazotumika sana, bila maneno, nikakaa nayo kwenye benchi la ofisini asubuhi wakati wanachama wanasubiri huduma. Niliwauliza swali moja: ukigusa hapa, unategemea kupata nini?

Nyumba. Kwa sisi tunaotengeneza tovuti ni ukurasa wa mwanzo, hatulifikirii hata kidogo. Kwa watu waliokaa kwenye benchi la SACCOS, nyumba ni mkopo wa kujengea nyumba. Walilisema bila kusita, mmoja baada ya mwingine, na wako sahihi kabisa. Mahali pale neno nyumba lina maana moja kubwa kuliko zote, nayo ni mabati na saruji.

Nguruwe mwenye tundu mgongoni, ambaye maktaba nyingi za ikoni zinamweka kama alama ya akiba, alileta ukimya. Mama mmoja aliyejifunga ushungi aliigeuza karatasi akaniuliza kwa upole, "Huyu mnyama anafanya nini kwenye pesa zetu?" Akiba kwetu ni kibubu, na kibubu ni kopo, kisanduku cha mbao au chungu. Nguruwe hajawahi kuwamo, na kwa Waislamu wengi wa chama hiki kumweka pale ni kuwakosea adabu. Hilo nimelifuta siku hiyohiyo.

Mkono ulioshika sarafu: wengine walisema mchango, wengine sadaka, mmoja akasema mkopo. Karatasi yenye mistari: fomu, risiti, tangazo, katiba ya chama. Kila jibu lina mantiki, na hapo ndipo shida ilipo. Simu ya mezani iliyolala ilieleweka na wote, kwa kuwa ni alama ileile ya kupiga wanayoiona kwenye simu zao kila siku.

Mistari mitatu, ile ya kufungulia menyu, ilieleweka na vijana. Ilibuniwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981, na inasemekana kana kwamba kila mtu aliye hai anaijua. Mwalimu mstaafu mmoja aliitazama akasema, "Mwanangu, hii ni mistari." Nilipoandika chini yake "Menyu", akasema aa, kumbe.

Ninachokiona ni kwamba ikoni inaeleweka pale mtu alipokwisha kuizoea kwingine. Tovuti ambayo mwanachama anaifungua wakati wa kuomba mkopo tu, labda mara chache kwa mwaka, haimpi nafasi ya kuizoea. Kila anapokuja ni kama anaanza upya, na neno ndilo lisilomtaka ajifunze kitu.

Ijumaa: hoja ya wasiosoma

Mjumbe mmoja wa bodi amenipigia. Hoja yake ni nzito kuliko zote nilizosikia, kwa hiyo naipa nafasi. Anasema chama kinafikiria kufungua milango kwa wafanyabiashara wadogo wa sokoni, na baadhi yao kusoma kunawapa taabu. Picha si ndiyo rafiki wa hao?

Nimeitafakari kutwa. Mfano bora ninaoujua wa picha kwa ajili ya watu wa aina zote ni metro ya Mexico City, iliyofunguliwa mwaka 1969, ambako mbunifu Lance Wyman na wenzake waliipa kila stesheni alama yake: panzi, bata, kengele. Abiria asiyejua kusoma anaweza kuhesabu njia yake kwa alama. Lakini alama zile zinahusu kitu cha mahali palepale, zimesimama miaka mingi, abiria anazipita kila siku, na jina la stesheni limeandikwa hapohapo. Karatasi zetu za kura zinafanya vivyo hivyo: picha ya mgombea, nembo ya chama, na jina. Hakuna mahali ambapo picha imeachwa ibebe kazi yote peke yake.

Kisha kuna hili, ambalo kwangu limemaliza mjadala. Watu wa sokoni anaowataja tayari wanatumia menyu kila siku, nayo ni ya maandishi matupu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Mama muuza nyanya anabonyeza *150*00#, anaona orodha ya maneno ya Kiswahili yenye namba mbele, anachagua namba, anaona orodha nyingine, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri. Hakuna ikoni hata moja. Anayesoma kwa taabu amekariri mpangilio, na pale asipokuwa na uhakika anamwonyesha mtoto wake au wakala, ambaye anamsomea kwa sauti. Neno linasomeka kwa sauti na kupita mdomo hadi sikio. Ukimpigia mtu simu ukamwambia "gusa Mikopo" anajua la kufanya. Jaribu kumwelekeza kwa simu aguse ile alama ya mkono wenye sarafu.

Kwa hiyo mazoea ya menyu ambayo nchi nzima imekwisha kuyapata ni haya: orodha fupi, maneno ya kawaida, mpangilio usiobadilika badilika. Sioni sababu ya tovuti yetu kuyatupa mazoea hayo na kuanza kuwafundisha watu alama mpya.

Wiki ya pili: kujenga

Vitufe tisa vimekuwa viungo sita: Mwanzo, Akiba na Hisa, Mikopo, Fomu, Matangazo, Mawasiliano. Mikopo ya aina zote, ule wa dharura ukiwemo, imo ndani ya ukurasa wa Mikopo. "Habari 2009" imeingia kwenye Matangazo ikiwa na tarehe yake.

Kwa sababu ni sita tu, sikuona haja ya kuzificha nyuma ya mistari mitatu. Kwenye simu zinakaa juu ya ukurasa kwa safu mbili za tatu tatu, wazi muda wote. Nimezijaribu kwenye simu ndogo ya vitufe yenye KaiOS, mfumo endeshi wa simu za bei nafuu, ambayo skrini yake ina upana wa pikseli 240. "Akiba na Hisa" iligoma kuenea kwenye mstari mmoja, ikajikunja yenyewe kuwa mistari miwili, na safu nzima ikarefuka kuifuata. Sikufanya chochote. Kitufe cha picha kingekatwa au kingesinyaa hadi kisisomeke.

Kila kiungo kina urefu wa pikseli 48, kipimo ambacho mwongozo wa Android unakitaka ili kidole kisikose shabaha. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inakubali hata 24, lakini vidole vya watu wazima vinahitaji nafasi. Kijani cha chama kilikuwa chepesi mno: maandishi meupe juu yake hayakufika uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa kati ya herufi na usuli. Nimeteremka hadi kijani kilichokolea, ambacho kinapita 7 kwa 1, na katibu ameona kinafanana zaidi na bendera ya chama kuliko kile cha zamani. Ukurasa uliofunguliwa unaonekana kwa mstari mnene chini ya jina lake, pamoja na rangi, kwa ajili ya wale ambao rangi peke yake haiwatoshi.

Ikoni nimeziweka tatu: kibubu kwenye Akiba na Hisa, simu kwenye Mawasiliano, kipaza sauti kwenye Matangazo. Kibubu nimekichora mwenyewe, kisanduku cha mbao chenye tundu na kufuli ndogo. Ni SVG, michoro inayoelezwa kwa maandishi, zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa, kwa hiyo hakuna ombi la ziada kwa seva, na nimezificha zisisomwe na kisoma skrini kwa kuwa neno lililo kando yake limekwisha kusema. Fonti za ikoni, yaani fonti ambazo badala ya herufi zina vipicha, nimeziepuka kabisa. Bado kuna watu wanaotumia kivinjari cha Opera Mini kubana bando, na huko fonti ya ikoni haifiki. Mtu anaona visanduku. SVG zikishindwa kuonekana, neno lipo.

Viungo vilivyobaki havina ikoni. Mwenyekiti ameuliza kwa nini visilingane. Nimemjibu kuwa kwa Mikopo na Fomu benchi la ofisini halikukubaliana juu ya picha yoyote, na kuweka picha ambayo kila mtu anaielewa kivyake ni kumwongezea mwanachama fumbo pale anapotafuta jibu.

Kikao cha bodi

Sikupeleka hotuba. Niliwapa simu mbili, moja yenye tovuti ya zamani na nyingine yenye mpya, zote zimewekwa kwenye 2G kwa mipangilio ya simu, nikawaomba watafute masharti ya mkopo wa elimu. Mwenyekiti mwenyewe alishika ile ya zamani. Alisubiri visanduku vijae. Aliyeshika mpya alikuwa ameshaanza kusoma riba kwa sauti.

Mwenyekiti aliuliza maswali mazuri. Alitaka kujua kama sura ya chama haitapotea. Nikamwonyesha nembo juu ya ukurasa, picha ya jengo la ofisi, na picha ya mkutano mkuu kwenye Matangazo. Picha hizo zina kazi: mwanachama mpya anayetoka Kilosa anataka kulijua jengo kabla hajapanda basi. Alilikubali hilo haraka kuliko nilivyotegemea, akasema basi picha ziende kule zinakoonyesha kitu. Menyu ya maneno imepitishwa.

Baada ya kupandisha tovuti

Katibu ameongeza kiungo cha saba mwenyewe, "Mkutano Mkuu", kwa ajili ya msimu huu. Aliandika neno, akahifadhi, likatokea likiwa na rangi, ukubwa na nafasi sawa na mengine. Mkutano ukipita atalifuta. Kati ya yote yaliyofanyika hili ndilo ninalolifurahia zaidi, maana tovuti imerudi mikononi mwa ofisi.

Yule mwalimu anayetumia NVDA amepiga simu. Menyu anaipita vizuri, amefika kwenye Fomu, ameipakua fomu ya mkopo wa elimu, na kisoma skrini kimenyamaza. Nimeifungua: ni PDF iliyotokana na karatasi iliyopigwa picha kwenye skana, ukurasa mzima ni picha, hakuna herufi hata moja ndani yake. Fomu zote za chama ziko hivyo. Nimewaandikia bodi kwamba hatua inayofuata ni kuziandika upya zote kama maandishi, tukianza na za mikopo, na nimemwomba katibu anitafutie nakala za Word kabla ya Jumatatu.